Mama Vibao, Mwandika Majina ya Mimea

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vibao, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba. Baba yake akapooza mkono, shule ikaishia hapo. Alitoka na kitu kimoja: mwandiko.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika bustani ya chuo cha kilimo, kuandika majina ya mimea kwenye vibao vya mbao. Huko alimkuta mpiga jembe asiyejua kusoma. Huyo ndiye mumewe. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974.

Alipokuwa bado mgeni kazini, aliona mpunga, kitunguu saumu, giligilani na tango, kila kimoja jina lake la Kilatini linaishia na sativa, au sativum, au sativus. Akadhani ni jina la ukoo. Akamwambia mpiga jembe, "Hawa ni ndugu, wametawanywa bure." Wakaving'oa, wakavipanda tuta moja, wakalijaza maji kwa ajili ya mpunga. Kitunguu saumu kikaoza chote.

Bwana shamba akaja, mikono kiunoni. "Nyie wawili, nani kawaambia hawa ni ndugu? Neno hilo maana yake kimepandwa na mtu. Hakikujiotea porini."

"Basi, bwana, si ndiyo hivyo?" akajibu marehemu. "Wote wana mtu."

Bwana shamba alicheka mpaka akasahau kuwafukuza.

Walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza alichukuliwa na surua. Wa pili hakulia alipozaliwa. Nyumba ikawa kimya, hata mumewe alikuwa anakohoa makusudi ili pawe na sauti. Mwaka 1986 jirani yao alifariki, akaacha binti mdogo asiye na ndugu. Marehemu akambeba mgongoni, akaja naye nyumbani. Watu wakauliza, "Wa nani huyo?"

"Wangu. Sikumzaa, nimempanda."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Mikono ikavimba, brashi haikushikika tena. Hapo hakuna la kupamba, aliteseka. Binti ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemgeuza kitandani. Alifariki nyumbani, mchana wa tarehe 2 Juni 2023. Neno lake la mwisho kwa mumewe lilikuwa, "Wasije wakamtoa kwenye tuta."

Jana, karatasi hii ikiandikwa, kaka wa mume mfiwa alisema, "Weka kwamba hakuacha mtoto. Yule ni wa kulea tu, kesho ataleta maneno kwenye nyumba."

"Kaka," mfiwa akamwuliza, "wewe mgonjwa ulimgeuza siku gani?"



Basi isomwe kwa sauti, kila mtu asikie. Marehemu ameacha mume, na mtoto mmoja wa kike, wa kupandwa.

Pumzika kwa amani, Mama Vibao. Hapa hang'olewi mtu.