Chumba Kipo, Mwalimu Nyamoita Hayupo

RISALA YA KIKUNDI CHA MAGOKORO WALEZI WA KIOGORO KWA DAKTARI THADEUS ONYIEGO, SIKU YA KUFUNGUA CHUMBA CHA USHAURI

Mgeni rasmi, Daktari Thadeus Onyiego, mkuu wa idara inayofundisha wanasaikolojia wa shule. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Okemwa. Walimu, wazazi, na nyinyi watoto mliokaa kwenye nyasi mkikodolea macho soda za wageni: hamjambo nyote.

Karibu, Daktari. Tumekuona ukishuka kwenye gari ukakanyaga matope yetu bila kukunja uso, na wawili kati yetu wakasema hapo hapo kwamba wewe ni mtoto uliyelelewa na nyanya. Kama wamekosea, usituaibishe mbele ya watu.

Kabla ya kuendelea kuna jambo la kueleza. Risala hii imeandikwa na katibu wetu, aliyefika darasa la saba akaishia hapo. Rasimu ya kwanza ilipofika kwa Bwana Okemwa, alihesabu "mimi" ishirini na sita, akazikata zote kwa kalamu nyekundu. "Magokoro," akasema, "risala ni ya kikundi. Haina mimi." Hapa shuleni hata walimu hutuita magokoro, yaani nyanya, kama wajukuu wetu wanavyotuita nyumbani. Basi tumetii. Mtasikia habari za nyanya mmoja anayeitwa Tryphosa. Mkiona anafanana na huyu anayesoma, nyamazeni tu.

SISI NI NANI

Sisi ni nyanya kumi na tisa. Kuna Waadventista na kuna Wakatoliki, ndiyo maana mikutano yetu haifanyiki Jumamosi wala Jumapili, na ugomvi wetu wote tunaumaliza katikati ya wiki. Asubuhi tunachuma majani chai, halafu tunakuja kupika uji wa wimbi wa shule. Tunalea wajukuu ambao wazazi wao wako Nairobi, wako Mombasa, na wengine wako mahali ambapo hatuletewi habari. Zamani mtoto akikojoa kitandani, akipigana au akikataa kula, tulikuwa na dawa mbili: maombi na kelele. Tulizitumia kwa pamoja.

MWALIMU NYAMOITA ALIPOKUJA

Mwaka jana, mwezi wa pili, idara yako ilituletea Mwalimu Nyamoita, mzaliwa wa upande wa Nyamarambe, aliyefundisha shule ya msingi miaka sita kisha akarudi chuoni kusomea shahada ya uzamili. Tuliposikia neno "mwanasaikolojia" tulidhani amekuja kuokota vichaa. Mwenzetu Jacinta alimficha mjukuu wake siku mbili nzima. Siku ya tatu Nyamoita akaenda mwenyewe nyumbani kwa Jacinta, akamkuta anasonga ugali, akaomba mwiko, akasonga. Hakuuliza swali hata moja. Jacinta alituambia baadaye, "Alisonga vibaya, lakini alisonga mpaka mwisho."

Alitueleza masomo yake bila kutuzungusha. Mitihani alikuwa ameimaliza. Alikuwa bado na tasnifu, ambayo msimamizi wake alikuwa ameirudisha mara mbili. Alikuwa pia na saa mia tatu za kufanya kazi na watoto na walezi wao, kila saa iandikwe kwenye daftari na itiwe sahihi. Baada ya hapo, mwaka mmoja wa mwisho wa mazoezi, katika shule itakayochaguliwa na idara.

"Na ukimaliza yote?" Tryphosa akamwuliza.

"Nikimaliza, magokoro, nitakuwa na karatasi ya kuniruhusu kufanya ninachofanya sasa."

Tuliipenda hiyo. Huyo alikuwa mtu wetu.

MTOTO NATASHA

Sasa tumtaje Natasha, mjukuu wa Tryphosa, mwenye miaka minane. Leo hayupo hapa, kwa sababu hatukutaka mumgeuze kitu cha kutazamwa. Ruhusa ya kumtaja tuliiomba kwake mwenyewe, jikoni. Alifikiri, akasema waambieni, ila magokoro asiige sauti yake. Kwa hivyo hataiiga.

Nyumbani Natasha anaimba, anagombeza kuku kwa Ekegusii safi, na anamwambia Tryphosa kwamba mboga yake haina chumvi. Akivuka lango la shule, sauti inabaki nje. Miaka miwili hakuna mwalimu wala mtoto aliyemsikia. Hata mama yake akipiga simu kutoka Mombasa, Natasha anashika simu anapumua tu, na mama anaongea peke yake mpaka salio linaisha. Walimu walidhani ni kiburi. Mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto hajui kusoma. Tryphosa aliisoma ripoti hiyo huku Natasha amesimama nyuma ya bega lake, akimsahihisha matamshi.

Nyamoita hakumwambia mtoto "ongea". Alimwomba Tryphosa aje shuleni kila Jumanne mchana, akae na Natasha katika darasa tupu, wachambue maharage ya jikoni na wapige domo kama nyumbani. Yeye Nyamoita alibeba kiti chake akaenda kukaa mbali, kwenye mlingoti wa goli.

Tryphosa alitoka akamfuata. "Mwalimu, unalipwa kukaa golini?"

"Silipwi, magokoro. Ndiyo kazi ninayosomea."

"Kumbe kuna digrii ya kukaa?"

"Ipo. Na ni ngumu kuliko unavyoiona. Rudi ndani, mtoto anakungoja."

Jumanne iliyofuata kiti kilikuwa karibu na bendera. Kisha uani, kisha kwenye baraza, kisha chini ya dirisha. Natasha akinyamaza, kiti kilirudi nyuma. Akiendelea kuongea, kilibaki palepale. Wenzetu waliopita wakibeba kuni walicheka. Nyabuto alisema serikali inasomesha watu kuhamisha viti. Lakini Tryphosa, aliyekuwa ndani, hakucheka. Aliisikia sauti ya mjukuu wake ikitetemeka kila kiti kilipokaribia, kisha ikitulia, na moyo wake ulikuwa unaenda na kurudi pamoja nayo.

Jumanne ya kumi na moja kiti kilikuwa ndani, kando ya mlango. Natasha alinyamaza muda wa kuchambua bakuli zima. Kisha, bila kugeuza kichwa, kwa sauti yake yote, akamwambia nyanya yake kwamba yule mwalimu naye apewe maharage, mbona anakaa bure.

Hakumwambia Nyamoita. Alisema Nyamoita akisikia. Tryphosa alipomtazama mwalimu, alimwona ameinama akifunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

KOSA LETU

Daktari, hapa ndipo tunapokiri, na tunaomba usikunje uso.

Tulitaka Nyamoita akae. Tukakutana jikoni, tukapanga: binti akilijaza daftari lake haraka, wakubwa wake wataona shule hii ina kazi nyingi, watamwacha kwetu. Basi tukaanza kumpelekea kesi. Aliyekuwa nayo alipeleka, asiyekuwa nayo alitunga.

Nyabuto alipeleka mjukuu anayeota simba. Mjukuu mwenyewe akasema anayeota simba ni nyanya. Jacinta akaripoti kwamba wake anaiba sukari. Nyamoita alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Na wewe, magokoro, siku hizi chai unainywa na nani?" Jacinta akacheka. Akacheka tena. Kisha akalia, akasimulia juu ya mwanawe, baba ya yule mtoto, ambaye hajapiga simu miaka minne, na jinsi mtoto anavyouliza kila jioni.

Tunataka jambo hili liandikwe wazi: kesi za uongo zilikuwa tatu, na Nyamoita hakuingiza hata moja katika daftari. Alilifunga mbele ya macho yetu. "Hii siandiki, magokoro. Lakini kaa, tuongee." Tatizo ni kwamba tukikaa, ukweli ulitoka wenyewe, na ukweli ulihesabiwa. Saa zilizotakiwa kuisha mwezi wa kumi na moja ziliisha mwezi wa saba.

Alhamisi moja alikuja jikoni akasema, "Magokoro, saa zangu zimejaa."

Tulipiga vigelegele! Tryphosa alicheza na mwiko mkononi.

"Kwa hivyo leo ndiyo siku yangu ya mwisho," akasema.

Vigelegele vikakatika, isipokuwa vya Nyabuto, ambaye hasikii vizuri. Aliendelea kupiga peke yake mpaka Jacinta akamshika mkono.

Nyamoita alisema ameomba kubaki, akaambiwa foleni ya wanafunzi ni ndefu na lazima ahame. Hatukumlaumu. Hakuondoka ovyo pia: alimwachia mwalimu wa darasa kurasa nne za maelezo kuhusu Natasha. Mwezi wa nane mwalimu huyo naye akahamishwa. Tryphosa akabaki na kurasa nne na miaka sabini na minne.

Miaka hiyo ndiyo iliyomponza. Kurasa zinasema kila mtu mpya aanze mbali, asogee polepole. Tryphosa aliona muda hautoshi. Jumanne moja akamchukua Bwana Okemwa moja kwa moja akamketisha ndani ya darasa, kando ya mlango. Bwana Okemwa hana kosa; aliambiwa akae, akakaa. Natasha aliweka chini maharage yaliyokuwa mkononi. Hakusema neno siku hiyo, wala nyumbani jioni, wala kesho yake. Siku tisa nyumba ilikuwa na watu wawili na sauti moja, na sauti hiyo ya Tryphosa ilikuwa ikiomba msamaha kwenye sufuria, kwenye ng'ombe, popote. Siku ya kumi mtoto akauliza kama chumvi imeisha. Tryphosa alitoka nje akasimama katikati ya migomba mpaka chakula kikapoa.

Tangu siku hiyo hajajaribu tena. Lakini kila Jumanne Natasha anavaa sweta safi bila kuambiwa. Tryphosa anaiona sweta, anajifanya hajaiona, na wanatembea mpaka shuleni wakizungumza habari za kuku.

TULICHOFANIKIWA

Chumba unachokifungua leo kilikuwa stoo ya majembe. Wazazi walikifagia na kuziba dari. Rangi ya kijani ilibaki kwenye kazi ya paa la kanisa, na ya samawati alitoa fundi mmoja, ndiyo maana ukuta mmoja haufanani na mwenzake. Kuna mkeka, viti viwili, na kufuli jipya. Tumekifagia kila asubuhi kwa miezi miwili. Kila anayekifagia anatoka akiwa kimya, na kikundi chetu, Daktari, si watu wa kunyamaza.

CHANGAMOTO

Mtu wa kukaa ndani hayupo.

MAOMBI

Kwanza, Bwana Okemwa ametuagiza tuombe tangi la maji. Tumeliomba. Kama huna budi kuchagua moja, maji tutaendelea kuteka.

Pili, ule mwaka wa mwisho wa mazoezi wa Mwalimu Nyamoita. Tumesikia shule haijachaguliwa, na kalamu iko mkononi mwako. Tumesikia pia kwamba idara hupenda shule za mjini Kisii kwa sababu wasimamizi hufika kwa urahisi. Msimamizi na aje. Boda zipo, ndizi zipo, na wapo nyanya kumi na tisa tayari kumhoji kuhusu ndoa yake. Safari hii tunaahidi kutomharakisha Nyamoita. Mwenye kesi atasubiri zamu yake, na asiyekuwa nayo atabaki jikoni.

Kuhusu tasnifu yake iliyorudishwa, hatujui makosa yaliyomo. Tunamjua aliyeiandika. Ukikutana na mwenzako anayeisahihisha, mwambie asome akiwa ameshiba.

Tatu, wafundisheni wengine. Hapa wapo mabinti wenye masikio mazuri na akili, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kusikiliza mtoto ni kazi ya kusomewa. Sisi wenyewe hatukujua. Tungejua mapema, baadhi ya watoto wetu waliokwenda wasirudi, huenda tungewasikia walipokuwa bado nyumbani.

Sasa la mwisho, na Tryphosa alitaka lisomwe taratibu. Hatuombi Natasha ahutubie shule. Hatuombi awe wa kwanza darasani, wala ajibu mwalimu kwa sauti. Katika dunia nzima mtoto huyu anaongea na mtu mmoja, na mtu huyo anachuma chai kwa goti moja bovu, na usiku huhesabu miaka badala ya kulala. Tunamwombea mtu wa pili.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, awape nguvu wanaosoma na wanaosomesha, na akuongoze utakapokaa kuandika jina la shule. Sisi tutakuwa jikoni. Mlango wa chumba tutauacha wazi.

Ni sisi, Magokoro Walezi wa Kiogoro.

Imesomwa kwa niaba ya wote na katibu, Tryphosa.