Kumuaga Mwalimu Asekon, Aliyechagua Kitabu Kikuukuu

Mheshimiwa Bwana D.O., Mwalimu Mkuu, Mchungaji Kong, wazee wa kambi pamoja na wenyeji wetu wa Kakuma, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa juani: ejok, hamjambo! Mimi ni Adut, mama yake Nyawech. Wazazi wamenituma nimuage Mwalimu Asekon, anayehamia Lokori kesho. Wamenichagua, nadhani, kwa sababu hakuna aliyemsumbua kwa maswali kunishinda.

Matokeo ya kidato cha nne hayajatoka, na ni mzazi gani hapa anayelala vizuri?

Mnakumbuka mwaka jana tulipoletewa vitabu vya jiometri vya toleo jipya, jalada linang'aa, tukapiga vigelegele. Haukupita muda, Nyawech akarudi nyumbani analia. "Mama, Mwalimu ameturudisha kwenye kitabu cha zamani. Wenzetu wa Lodwar wanasoma kipya. Tutafeli!" Ningenyamazaje? Mtoto huyu nimekimbia naye vita. Hana ng'ombe wa kurithi wala shamba. Ana mtihani tu.

Nikaenda shuleni. "Mwalimu, mbona unawafanyia watoto wetu majaribio?" Hakukasirika. Akanikalisha kwenye dawati, mimi nisiyejua hesabu zaidi ya zile za sokoni, akafungua vitabu vyote viwili kwenye somo lilelile la pembe za duara.

"Mama Nyawech, hiki kipya kinasema: kariri kanuni hii. Cha zamani kinaonyesha kanuni imetoka wapi. Mtihani ukigeuza mchoro, aliyekariri atashika nini?"

"Na yale yaliyomo kwenye kipya peke yake?"

"Hayo nitayaandika ubaoni."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, mama, watakaoumia ni wao. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Ndugu zangu, jibu hilo halikunituliza, lilinitisha zaidi. Lakini nilijua nimezungumza na mtu anayeogopa pamoja nami. Alikuwa ameshakwenda Lodwar kuuliza kwenye ofisi ya elimu, akaambiwa vitabu vyote viwili vimekubaliwa, mwalimu achague mwenyewe. Basi angemtupia nani mzigo ule? Katika mkutano wa wazazi tuligombana mpaka tukakaribia kushikana mashati, na Mzee Deng, yule pale, akaapa kumhamisha mwanawe. Mwalimu Asekon aliomba jambo moja tu: "Nipeni muda hadi mtihani." Tukampa. Kila alasiri, darasa likiwaka joto, alibaki akiyaandika ubaoni yale mapya, watoto wakinakili, mikono yake myeupe kwa chaki.

Siku ya karatasi ya hesabu nilisubiri nje ya ua. Nyawech akatoka, uso umemshuka.

"Mama, mchoro wa duara walikuwa wameupindua. Sikuutambua."

"Ukafanyaje?"

"Nikaanzia mwanzo kabisa, kama tulivyofundishwa. Nikachora mstari kutoka katikati, nikaona pembe moja, halafu ya pili. Nikafika."

Je, amepata alama ngapi? Sijui. Je, wenzake nao walifika? Sijui. Asubuhi hii Mzee Deng, ambaye mwishowe hakumhamisha mwanawe, ameniuliza tena, "Mama Nyawech, tulichagua vizuri?"

Mwalimu Asekon, nimesikia wanaonong'ona kwamba unayakimbia matokeo. Uhamisho hukuuomba, na sisi tunalijua hilo. Ulichofanya ni kuwaheshimu watoto wetu kiasi cha kuwapa kitabu kigumu na kukaa nao mpaka wakielewe. Matokeo yakitoka, sitaki uyasikie ukiwa peke yako ugenini. Nitapanda lori nije Lokori mwenyewe, yawe mazuri au mabaya, tuyasome pamoja.

Mungu akutangulie, Mwalimu. Na ninyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.