Bi Arbia na Ngamia Aliyegeuka Mti

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Bi Arbia Bulle anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025. Kliniki yetu ya viungo vya watoto hapa Garissa haifungwi, msiwe na wasiwasi, ila chai haitakuwa ile tena.

Alianza mwaka 1993 kama mtaalamu wa tiba ya viungo, akiwa na kitanda kimoja cha mazoezi na sauti ya kutosha mtaa mzima. Watoto wenye baridi yabisi humwita Eeddo, yaani shangazi, nao humwogopa kidogo, maana hapitwi na aliyetega mazoezi nyumbani. Amehudumu Elwak na Ifo. Pale Bura gari lilipokwama matopeni, alilifokea kana kwamba lina masikio.

Masikio, naam. Hapo ndipo alipotufunza sote.

Sabrin aliletwa kutoka Bura akiwa na miaka minane, magoti yamevimba. Shuleni walisema ana kiburi, anaitwa haitiki. Alianguka ovyo, na kila mtu akalaumu magoti. Baba yake, Abdirahim, alikuwa ameshakata shauri kumtoa shule. Lakini Bi Arbia aliona kwamba mtoto anapepesuka hata siku ambazo magoti yametulia, na kwamba akisemeshwa hukodolea macho midomo ya watu. Baridi yabisi huweza kuingia hata sikioni, kwani vile vifupa vidogo vya ndani navyo vina viungo vyake, na sikio ndilo pia husaidia mwili usipepesuke.

Maneno ya kupimia usikivu tuliyoletewa kutoka Nairobi yalikuwa "pata" na "bata". Lo! Kisomali hakina sauti ya p, kwa hiyo huku kwetu yote mawili ni bata, hata kwa watu wazima. Kila mtoto angeonekana kiziwi. Bi Arbia alicheka hadi machozi, kisha akachora ngamia na mti, geel na geed kwa Kisomali. Akasimama nyuma ya Sabrin, akamwambia asigeuke, akanong'ona geel. Sabrin akaonyesha mti. Bi Arbia akarudia geel. Mti tena. Abdirahim akaruka kitini: "Wallahi, mtoto yangu hawezi botesa ngamia! Hii si kiburi!"

Daktari wa masikio alithibitisha. Sabrin akabadilishiwa dawa, akapata kifaa cha kusikia, na Bi Arbia akamfunza upya kusimama imara, mkekani, taratibu. Magoti bado yana siku zake mbaya. Hata hivyo yuko shuleni, ana miaka kumi na minne, na anabishana na kila mtu, alhamdulillahi. Tangu hapo, kila mtoto wetu mwenye baridi yabisi huchezeshwa mchezo wa ngamia na mti.

Eeddo, tunakushukuru kwa moyo wote, na tutakukosa sana. Mungu akupe afya, amani na usingizi wa asubuhi. Ijumaa, Sabrin ameomba asimame nyuma yako na kunong'ona neno moja tu.

Tafadhali, usigeuke.