Kofia Juu ya Kamera

NCHAGWA: Haloo? Athuman? Sema, mura, kijana wangu!

SCHOLA: Haloo, shikamoo baba. Athuman yuko likizo, kiti chake cha kamera nakaa mimi.

NCHAGWA: Na wewe nani unayeongea kwenye simu yake?

SCHOLA: Ni mimi, baba. Scholastica. Mke wa Vicent. Baba? Upo?

NCHAGWA: Nipo kidogo.

SCHOLA: Baba, nime—

NCHAGWA: Marahaba, mama. Marahaba sana. Nyumbani wazima? Haya, vizuri, kwaheri—

SCHOLA: Usikate! Nakuomba usikate! Kofia yako iko juu ya kamera.

NCHAGWA: Kofia ipi?

SCHOLA: Skrini yangu nzima ni giza, baba, halafu katikati kuna kilebo cha saizi. Nakisoma hapa. Namba hamsini na nane.

NCHAGWA: Ah! Hiyo. Imeanguka.

SCHOLA: Imeanguka kwenda juu?

NCHAGWA: Barabara hii ina mashimo, mama. Kitu kinaruka popote.

SCHOLA: Lakini umesimama. Mashine inaonyesha gari umelizima.

NCHAGWA: Nimeegesha pembeni, ndiyo. Karibu naingia Mugumu. Siwezi kushika simu naendesha, mnanichongea mara moja.

SCHOLA: Baba, sikiliza. Kamera ikizibwa dakika kumi, hata gari likiwa limezimwa, mashine yenyewe inapeleka taarifa kwa bosi, kwa mama Verdiana. Mara tatu kwa wiki moja dereva anarudisha funguo. Anakwenda nyumbani. Wewe unazo mbili.

NCHAGWA: Mbili tayari?

SCHOLA: Jumanne na jana. Hii ya leo imebakiza dakika nne. Toa kofia, baba.

NCHAGWA: Siwezi.

SCHOLA: Kwa nini huwezi?

NCHAGWA: Siwezi tu. Mambo mengine mkwe haulizi.

SCHOLA: Baba, dakika nne! Miaka thelathini unaendesha semi, unataka kunyang'anywa funguo kwa ajili ya kofia?

[Mtandao unakwaruza.]

NCHAGWA: ... vua shati.

SCHOLA: Nini?

NCHAGWA: Nimevua shati! Umesikia sasa? Feni ya kabini imekufa, joto linaunguza, nikavua. Niko kifua wazi humu ndani. Sasa mke wa mwanangu amekaa ofisini Nkende ananitazama kwenye televisheni niko kifua wazi, hiyo ni nini? Wazee wakisikia nitasema nini?

SCHOLA: [anacheka, anajiziba mdomo] Samahani, baba. Vaa basi. Vaa shati, halafu utoe kofia.

NCHAGWA: Shati halipo.

SCHOLA: Liko wapi?

NCHAGWA: Lilikuwa limeloa jasho. Nikalianika kwenye kioo cha pembeni. Sasa amelichukua.

SCHOLA: Nani amelichukua?

NCHAGWA: Nyani.

SCHOLA: Baba, umesema—

NCHAGWA: Nyani, mama! Nyani dume, mkubwa kama mimi! Yuko juu ya mifuko ya saruji huko nyuma. Amepitisha kichwa kwenye mkono wa shati, kimekwama, na bado ananiangalia kama mimi ndiye mwizi.

SCHOLA: Eeeh Mungu wangu! [anacheka] Baba, nisamehe, sikucheki wewe. Namcheka nyani.

NCHAGWA: Hata mimi namcheka nyani. [anacheka] We! Shuka! Shuka na shati langu! Sasa anakula kifungo.

SCHOLA: Baba, nakufa! Mbavu zangu!

NCHAGWA: Lile la kitenge, mama. La arusi yenu.

SCHOLA: Usiniambie! La arusi? [anacheka] Ngoja. Ngoja kwanza. Dakika mbili na nusu. Riflekta unayo?

NCHAGWA: Kile kizibao cha kung'aa? Ipo nyuma ya kiti.

SCHOLA: Vaa hiyo!

NCHAGWA: Iko wazi mbele. Kifua chote kinabaki nje.

SCHOLA: Igeuze. Mgongo uje mbele.

NCHAGWA: Nivae riflekta nyuma mbele kama mtoto anayelishwa uji?

SCHOLA: Ndiyo, baba! Haraka!

NCHAGWA: Nakuweka kwenye spika. Usisikilize.

SCHOLA: Sisikilizi.

NCHAGWA: Mkono huu ... aah ... hii walimshonea nani, ndama? Haya. Imeingia. Nang'aa kama askari wa barabarani.

SCHOLA: Kifua kimefunikwa?

NCHAGWA: Mpaka shingoni.

SCHOLA: Safi! Toa kofia. Dakika moja na nusu.

[Kofia haitoki.]

SCHOLA: Baba?

NCHAGWA: Nakusikia.

SCHOLA: Jumanne pia ulivua shati?

NCHAGWA: Joto ...

SCHOLA: Jumanne ilinyesha siku nzima, baba. Huku Tarime mpaka huko.

[Mtandao unakwaruza. Nyani anapiga kelele kwa mbali.]

NCHAGWA: Wewe ulianza kazi Jumatatu.

SCHOLA: Ndiyo.

NCHAGWA: Asubuhi.

SCHOLA: Asubuhi, baba.

NCHAGWA: Kwa hiyo ule mteremko wa kwenda mtoni ...

SCHOLA: Nilikuwepo kwenye kiti.

NCHAGWA: Nilipepesa tu macho.

SCHOLA: Sekunde nne, baba. Nilihesabu. Gari lilikuwa linahamia upande wa wenzako. Kengele ikalia, ukaamka, ukalirudisha. Mimi nilisimama hapa ofisini nikapiga ukelele, watu wakadhani nimeona nyoka.

NCHAGWA: Ulinipigia ukelele mimi?

SCHOLA: Nani mwingine? Sijawahi kuogopa namna ile.

NCHAGWA: Mkwe hatakiwi kumwona baba mkwe amelala mdomo wazi. Kwetu hiyo ni aibu kubwa. Nilipojua ni wewe uliyekaa pale, nikasema bora kofia.

SCHOLA: Najua, baba. Ndiyo maana nilikaa kimya Jumanne na jana. Leo nimeshindwa.

NCHAGWA: Vicent umemwambia?

SCHOLA: Ofisi inajua, hiyo ni kazi yangu, niliandika. Nyumbani hajui mtu.

NCHAGWA: Hata mama yake?

SCHOLA: Hata mama.

[Mashine inaanza kulia.]

SCHOLA: Baba, sekunde thelathini! Mama Verdiana anatoka ofisini kwake, namwona!

NCHAGWA: Fumba macho!

SCHOLA: Nimefumba!

NCHAGWA: Na viganja juu yake!

SCHOLA: Na viganja! Toa!

NCHAGWA: Imenasa! Kilebo kimenasa kwenye—

SCHOLA: Baba, vuta!

NCHAGWA: Navuta! Haya! Imetoka! Imetoka, mama! Unaona?

SCHOLA: Nitaonaje nimefumba macho?

NCHAGWA: Sasa utajuaje imetoka?

SCHOLA: Mashine imeacha kulia! Imeacha, baba! Nimehesabu, zilibaki sekunde sita! [anacheka, anapiga makofi] Taarifa zimebaki mbili zile zile. Funguo ni zako!

NCHAGWA: [anacheka] Wewe mtoto! Sekunde sita! Ningemwambia nini mama Vicent?

SCHOLA: Mama Verdiana amepita hapa sasa hivi, bado nimefumba. Ameangalia skrini yako, ameuliza huyu dereva anakwenda kubatizwa?

NCHAGWA: Mwambie ndiyo! Haya, mama, acha niwashe gari, saruji inasubiriwa—

SCHOLA: Hapana.

NCHAGWA: Hapana nini?

SCHOLA: Usiwashe. Jana ulilala muda gani?

NCHAGWA: Nililala ...

SCHOLA: Baba.

NCHAGWA: Kidogo. Foleni ya kupakia ilikuwa ndefu.

SCHOLA: Basi lala sasa, hapo hapo. Gari likiwa limezimwa mashine haihesabu macho yaliyofumbwa. Nusu saa.

NCHAGWA: Nilale wewe ukiwa unaniangalia? Tumeongea nini muda wote huu?

SCHOLA: Kofia si unayo mkononi? Iweke usoni. Mashine haina shida na uso wako ukiwa umeegesha, inataka kioo chake kiwe wazi tu. Mimi nitaona kofia na riflekta.

NCHAGWA: Kofia usoni.

SCHOLA: Ndiyo, baba.

NCHAGWA: Mbona Athuman hakuniambia hilo?

SCHOLA: Athuman si mkwe wako.

NCHAGWA: [anacheka] Utaniamsha?

SCHOLA: Nitapiga kengele ya kamera kutoka huku. Hutaipenda.

NCHAGWA: Mama.

SCHOLA: Naam.

NCHAGWA: Vicent alioa. Nilikuwa sijakwambia kwa mdomo wangu. Alioa vizuri.

SCHOLA: Asante ... asante, tata, baba yangu. Lala. Salio la simu hii linakwisha, Athuman aliacha kidogo.

NCHAGWA: Naegemea. Nafunika. Haya, fumbua macho, uniambie unaona nini.

SCHOLA: Nafumbua. Naona kofia. Kofia tu, na—baba! Dirisha! Nyani yuko dirishani na shati shingoni! Ananyoosha mkono—anaichukua kofia! Amka, baba, ameshaishika, uso wako—

NCHAGWA: Achukue, mama! Niangalie tu. Mimi nafunga kioo, nalala hivi hi—

[Salio limekwisha.]