Mama Eom Chun-hwa (1941–2019), Aliyewatunza Wenye Manyoya Wakati wa Baridi

Jumamosi, tarehe 12 Januari 2019, saa tatu asubuhi, Mzee Gil Man-seop alikuwa amepiga magoti nyumbani kwake Taebaek, akimfuta mbwa nyayo kwa taulo la uvuguvugu ili kuondoa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, simu ilipolia. Ni mwanawe wa kwanza, Jong-hwan, aliyepiga kutoka hospitali ya Wonju.

"Baba, Mama ametutoka."

Mzee alimalizia mguu uliobaki, kisha akakaa chini. "Yeye ndiye aliyenituma nyumbani," alisema. "Nisingeondoka."

Marehemu Mama Eom Chun-hwa alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 wilayani Inje, mkoa wa Gangwon, mtoto wa tatu wa Eom Tae-bong na Pyo Bun-i. Alisoma shule ya kijijini hadi vita vilipoifunga. Aliporudi, darasa lilikuwa hema la jeshi, na wino uliganda chupani. Watoto waliuweka kwapani ili waweze kuandika. Alimaliza darasa la sita mwaka 1955. Hakuendelea na masomo, lakini Biblia aliisoma yote, tena na tena, hadi macho yalipomchoka.

Mwaka 1961 alihamia Taebaek, akawa mpishi wa kantini ya mgodi wa makaa. Huko alimfahamu mchimbaji mmoja kijana, Gil Man-seop, aliyeomba supu ya pili kila siku, hata siku aliyoshiba. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Novemba 1963, wakajaliwa watoto wawili. Mgodi ulipofungwa, Mama alifungua mkahawa mdogo wa tambi, akauendesha hadi magoti yalipokataa.

Waumini wenzake watamkumbuka kwenye maegesho ya kanisa. Kila Jumapili ya baridi, ibada ikiisha, alitangulia kutoka, akagonga boneti za magari moja baada ya nyingine. Paka wa mtaani hupanda ndani ya injini kutafuta joto, na dereva akiwasha bila kujua, basi tena. Mchungaji mmoja mgeni alidhani anaomba lifti.

"Panda, Mama, twende."

"Sipandi, Mchungaji. Namshusha aliyepanda kabla yangu."

Akagonga, na paka wa madoadoa akaruka chini, akatokomea. Tangu siku hiyo mchungaji hakuwasha gari kabla Mama Eom hajapita.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. "Mbwa ni wa uani," Mzee alikuwa akisema, kama wanaume wengi wa rika lake. Mbwa wao, Gamja, jina lenye maana ya kiazi, aliishi kibandani karibu na lango. Mama alikubali, ila kwa masharti yake. Kibanda kiinuliwe juu ya mbao kisilale kwenye theluji, na mlango uupe upepo kisogo. Ndani aliweka mabua makavu ya mpunga, si blanketi, maana blanketi hunywa unyevu, likaganda likawa ubao.

Januari 2018 baridi ilikaza kupita kiasi, na Gamja, aliyekwisha kuzeeka, akashindwa kusimama. Mama akambeba kama gunia hadi mlangoni.

"Baba Jong-hwan, sogea."

"Na sakafu yangu mpya?"

"Nuhu aliwaacha wanyama nje?"

"Nuhu hakuwa na sakafu mpya!"

"Basi nenda wewe ukalale kibandani. Mabua ni makavu, nimeyabadilisha jana."

Mzee akasogea. Na kwa kuwa si mtu wa kufanya jambo nusu, alimpa mgeni wake mahali pa heshima: pale ambapo sakafu, inayopashwa moto kwa chini, huwa na joto zaidi, anapokaa mkuu wa nyumba. Akamfunika kwa mfarishi wake mwenyewe. Kesho yake Mama alipomgeuza mbwa, alikuta ngozi ya tumbo imewiva na manyoya yanabanduka. Gamja alikuwa dhaifu mno kujisogeza. Joto la sakafu lilikuwa limemchoma polepole, naye hakulia.

"We mzee! Unamkaribisha mgeni au unamwoka?"

Mzee alitokwa na machozi, na hapo Mama akaacha utani. Alitandika mkeka mnene, akamwonyesha Mzee jinsi ya kuweka kiganja chini ya mbwa: mkono ukitaka kuondoka, na mbwa anataka kuondoka. Kidonda kilipona, Gamja akasimama tena, na kazi hiyo ya kumtunza ikabaki mikononi mwa Mzee. Akina mama wa kanisa walipokuja kuuliza habari za mbwa wao wazee, Mama aliwaelekeza kwa mumewe. "Muulizeni huyo. Alifuzu kwa machozi."

Oktoba iliyopita moyo wake ulianza kushindwa, na tarehe 28 Desemba alilazwa Wonju. Mzee hakubanduka kitandani pake. Ijumaa iliyopita jirani aliyeachiwa Gamja alipiga simu: boila inayopasha sakafu imezimika na nyumba imekuwa barafu.

"Nenda," Mama alisema. "Mimi nina wauguzi, nina Jong-hwan. Yeye ana nani?"

"Nikienda, nawe usiende popote."

"Niende wapi na nyaya zote hizi? Nenda, urudi."

Mzee alikwenda, akaita fundi, nyumba ikapata joto, mbwa akapona. Mama alifariki kabla Mzee hajarudi, mwanawe akimwombea.

Ameacha mume, Mzee Gil Man-seop, mwana, Jong-hwan, na mkewe Bang Yeon-mi, binti, Mi-suk, na mumewe Cha Dong-u, wajukuu watatu, mdogo wake, Eom Chun-bun, na Gamja, ambaye yuko nyumbani, mahali penye joto la kiasi.

Jana alasiri Mama aliwekwa jenezani mbele ya familia, amevaa sanda ya kitani aliyojishonea mwenyewe miaka mingi iliyopita. Wimbo uliimbwa. Watoto walimgusa, kisha wajukuu. Mzee alikuwa wa mwisho. Aliinama hadi sikioni pake, na mchungaji akamsubiri.

"Mama Jong-hwan," alisema, "nimerudi."

Kisha mfuniko ukafungwa. Bwana ampokee mtumishi wake, ampumzishe salama.