Tawi Kwenye Njia ya Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni punguzeni moto kidogo, mlio dukani mwiteni na jirani asikie. Leo tunamkumbuka Laker. Laker wa Naguru, mke wa koplo Faustino, mama yake Acan. Tumemzika Jumamosi. Na kumzika Laker bila kuutaja msitu ni kumzika nusu.

Basi tuutaje msitu.

Ilikuwa miaka ya sabini, miaka ile ya wanajeshi. Kampala ilijifunza kunong'ona. Sukari tulipangia foleni, na foleni yenyewe ilikuwa na masikio. Faustino alikuwa polisi, mtu wa Kitgum kule kaskazini, mtoto wa mwindaji. Siku ya mapumziko wenzake walikwenda kunywa. Yeye, misa ikiisha, alimchukua mkewe wakapanda basi la njia ya Jinja, wakashuka penye msitu. Hakubeba mkuki. Hakubeba bunduki. Walikwenda kutazama tu.

Wake wa polisi waliwacheka. "Mama Acan, wewe umeolewa na nyani?"

"Afadhali nyani," Laker akawajibu. "Nyani hulala nyumbani."

Mwanzoni Laker hakuona kitu. Miti, miti, na nyuma yake miti. Faustino akamwambia, "Usitafute kwa macho. Simama. Sikio litangulie." Akasimama. Ganda la tunda likaanguka majanini, pwa! Akainua uso, na kule juu walikuwa mbega, weusi kwa weupe, mikia yao imening'inia kama nguo zilizoanikwa. Tangu siku hiyo msitu ukamfungukia. Alijifunza kuujua mvule kwa gome lake. Alijifunza kuwaruka siafu kabla hawajampanda mguuni. Aliwakuta vipepeo wa buluu wamejazana palipokojoa mnyama, akatikisa kichwa: "Nguo nzuri, tabia hakuna."

Lakini aliyempenda zaidi ni hondohondo. Ndege yule mkubwa, mwenye mdomo kama amebeba mdomo mwingine juu yake. Akiruka, mabawa yanavuma kama gari moshi. Jike lilikuwa ndani ya shimo la mti, mlango umezibwa kwa udongo, limebaki tundu dogo. Dume linaleta matunda ya mkuyu, linampitishia mkewe pale tunduni.

"Amemfungia mkewe!" Laker akasema.

"Amejifungia mwenyewe. Analalia mayai."

"Na mume asiporudi?"

"Atamngoja. Njaa ikizidi, atabomoa ukuta atoke."

"Mimi ningebomoa siku ya kwanza."

"Wewe ungebomoa na mdomo wa mume," Faustino akacheka.

Sasa shikeni jambo hili, wasikilizaji, maana tutalirudia. Watu wa kwao Faustino wakitembea porini na mmoja akitangulia, akifika njia panda huvunja tawi lenye majani, akalilaza kwenye njia asiyoipita. Anayekuja nyuma akiliona anajua: huku hakupita, nimfuate kule. Laker alipenda kubaki nyuma akitazama maua. Hakupotea hata mara moja. Tawi la Faustino lilimwonyesha.

Mwaka wa sabini na saba, watu wa kaskazini wenye sare walianza kuchukuliwa mmoja mmoja. Asubuhi moja gari lisilo na namba likasimama mlangoni. Faustino alikuwa hajanywa chai yake. Akamwambia mkewe, "Ifunike. Nitaikuta."

Hakuikuta.

Laker aliuliza kila mlango. Hakuna aliyemjibu. Kwenye nyumba ya polisi wakamtoa. Akapokelewa na rafiki yake Akoth, Mkenya aliyekuwa akiuza makaa chini ya kilima cha Naguru, aliyezijua hadithi zake zote za msituni. Makaa hayo Akoth aliyanunua kwa mzee Saverio, mchomaji wa kule kule msituni. Siku moja Saverio akaropoka mbele ya Laker kwamba magari yasiyo na namba yanaingia msituni siku hizi. Laker akasimama.

"Kama wamempeleka kule, nitamfuata."

"Dada, ngoja kwanza," Akoth akamsihi. "Ngoja Jumapili, twende wote."

Jumapili wakaenda. Wakafika njia panda. Kwenye njia ya kushoto palikuwa na tawi. Majani bado mabichi.

Laker akapiga magoti. Akalishika, akaligeuza, akalirudisha pale pale. Halafu akasema, "Huku hakupita."

Wakafuata njia ya kulia mpaka kwenye mti wa hondohondo. Ukuta wa udongo ulikuwa umebomolewa. Shimo tupu. "Ametoka," Laker akasema. Kesho yake alibeba kikapu mpaka Ggaba, kule ziwani, akaanza kuuza samaki, akamlea Acan.

Utawala ule ukaanguka. Waliokimbia wakarudi. Faustino hakurudi. Laker aliendelea kwenda msituni, siku zote njia ya kulia, na kila mtu akaamini kwamba anaamini mumewe alivuka mpaka. Kwenye kabati lake kikombe kimoja kilikaa kimefunikwa kisahani. Acan anasema, "Ungekigusa, mkono wako usingekuwa salama."

Mwezi uliopita, Laker akiwa kitandani, alimwita binti yake. "Lile tawi halikuwa la baba yako. Baba yako alikuwa akivunja kwa mkono, akisokota, gome likabaki linaning'inia. Lile lilikatwa kwa kisu. Na kisu butu vile ni cha Akoth peke yake."

Acan akashangaa. "Mama, ulijua? Kwa nini hukupita kushoto?"

"Akoth alikuwa nyuma yangu anatetemeka. Nadhani Saverio alikuwa amempeleka kabla ya ile Jumapili. Alijua kulikuwa na nini kule, hakutaka nikione. Na mimi, mwanangu, nilitaka kumngoja baba yako. Ukishavuka tawi, hungoji tena." Akapumzika. "Mimi nimemaliza kungoja. Nendeni nyinyi."

Baada ya maziko, Acan alimweleza Akoth. Mama yule mzee akashika kichwa. "Banange! Jamani! Miaka yote hii naogopa kumtazama usoni, kumbe kisu ndicho kilichonisema!" Akacheka, kicheko kikageuka kilio.

Juzi walikwenda, Akoth na Acan, wameshikana mikono. Njia ya kushoto imemezwa na miche ya mivule, myembamba, imesongamana. Hapana msalaba, hapana jiwe. Acan akasimama, akaacha sikio litangulie. Juu yao mabawa yakavuma.

Kabla ya kuingia, Akoth alikuwa amevunja tawi. Kwa mkono, akisokota, mpaka gome likaning'inia. Akalilaza kwenye njia ya kulia, ili Laker, anayekuja nyuma, ajue walikopita.

Acan, pole sana. Mama Akoth, pole sana. Poleni jamaa wote wa Naguru na wa Kitgum. Mungu amlaze Laker pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, najua wengi wenu mna kikombe kilichofunikwa. Jioni ya leo mtajeni mwenye kikombe hicho kwa jina lake. Mtajeni kwa sauti, watoto wasikie. Siku hizi hatunong'oni.