Mstari Uliofutwa Ukurasa wa 412

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Ukoo wa Pyo wa Seogok. Waheshimiwa wazee wa matawi yote tisa. Wakwe na mashemeji zetu. Ndugu wageni waalikwa kutoka kiwanda cha uchapaji cha Daejeon. Nanyi ndugu zangu wa tawi la Kaskazini, mlioondoka Incheon kabla ya jua kuchomoza kwa mabasi mawili, nawasalimu kwa heshima.

Nimewapanga kwa vyeo, kama ilivyo desturi, lakini sina hakika kama nimewapanga sawasawa. Mwenyekiti wetu, Bwana Pyo Se-hun, ana miaka hamsini na minane. Mimi nina sabini na minane. Hata hivyo nimemwita "babu" tangu akiwa na miaka mitatu na kamasi puani, kwa sababu katika ukoo huu hatuhesabu umri, tunahesabu vizazi kutoka kwa mhenga wa kwanza, na yeye yuko ngazi mbili juu yangu. Sasa ni miezi minne sijui nimwite nani. Nanyi wengi mliomo humu hamna habari bado, lakini nanyi hamjui mniite nani mimi.

Nilipewa dakika kumi na kazi moja: kuaga. Nimekuwa mhariri wa kitabu cha nasaba kwa miaka thelathini, na leo nakabidhi muhuri. Nilitakiwa nishukuru, niinamishe kichwa, nikae tule. Nitashukuru. Lakini nusu saa ijayo juzuu hizi tisa zitawekwa mbele ya mahenga, tangazo litasomwa, kisha hakuna kalamu itakayozigusa kwa kizazi kizima. Kuna jambo katika juzuu ya nne, ukurasa wa 412, na ni afadhali mlisikie kutoka kinywani mwangu kuliko mlikute wenyewe mkiwa mnatafuta majina ya wajukuu zenu.

Mnamjua Pyo Ui-taek, mzee aliyeanzisha tawi letu la Kaskazini kule Hwanghae. Katika kitabu cha mwaka 1961, na tena cha 1988, ameandikwa kuwa ni mwana wa Mkuu wa Wilaya Jun-pil, ambaye kaburi lake liko kwenye kilima nyuma ya ukumbi huu. Katika kitabu cha leo, mstari unaowaunganisha haupo. Juu ya jina la Ui-taek tumeandika: baba hajulikani. Kamati iliamua miezi minne iliyopita, kwa kura tano dhidi ya nne. Kura ya tano ilikuwa yangu.

Tafadhali kaeni. Naomba mkae. Mtanipigia kelele mkishamaliza kunisikia; siendi popote, gari langu limezibwa na mabasi yenu.

Chanzo ni huyu mama aliyekaa pale karibu na dirisha, Bibi Noh Mi-gyeong, mpangaji wa kurasa. Si wa ukoo wetu. Ameshapanga nasaba za koo mia na zaidi, na hana haya na wafu wa mtu yeyote. Alinipigia simu miaka miwili iliyopita.

"Mzee, nina mtu kwenye juzuu ya nne ameingia nyumba ya watu bila kutoka popote."

"Nani?"

"Ui-taek wako. Kazaliwa mwaka 1753. Baba yake kafa 1742."

Nikacheka kidogo, cheko la mtu mwenye jibu. "Mama, imeandikwa hapo. Ni mtoto wa kuasili. Mume alikufa bila mtoto, mjane akachukua mwana wa ndugu wa mumewe ili tambiko lisikatike. Wewe si mgeni wa mambo haya."

"Mimi si mgeni, ndiyo maana nakuuliza. Mtoto wa kuasili huandikwa mara mbili. Kwa aliyemzaa huandikwa 'ametoka', kwa aliyempokea 'ameingia'. Nimepitia juzuu zote. Kuingia kupo, kutoka hakupo. Huyu kazaliwa na nani, na upepo?"

"Labda wazee walisahau."

"Wazee wenu wameandika hadi aliyekufa kwa kula uyoga. Huyu ndiye wamsahau?"

Nikamwambia nitaangalia. Nikakata simu, nikasimama katikati ya chumba nikiwa nimeshika miwani mkononi na kuitafuta mezani. Kwa nini nilibabaika hivyo? Kwa sababu sikuhitaji kuangalia. Neno "ameasiliwa" nililiandika mimi.

Ndugu zangu, nisikilizeni taratibu hapa. Mwaka 1961, wazee wa Seogok walipotangaza kwamba wanakusanya kitabu kipya, sisi wa Kaskazini tulikuwa tumekimbia vita na tumeshaishi miaka kumi kwenye vibanda vya Incheon. Vitabu vyetu vilibaki upande wa pili wa mpaka uliogawa nchi. Baba yangu alivuka na kijitabu kimoja alichokishonea ndani ya koti, chenye majina kutoka kwa Ui-taek kushuka hadi kwangu. Juu ya Ui-taek hapakuwa na kitu. Tukaja hapa Seogok, mimi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimeletwa kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Mhariri wa wakati huo, Mungu amrehemu, alifungua kurasa zake, akaweka kidole kwenye jina la Jun-pil, akamwambia baba: "Huyu Bwana Mkuu hana mtoto. Nyinyi hamna baba. Nani ataumia?"

Baba akanigeukia. "Andika."

"Baba, tuna uhakika?"

"Kule tulikuwa watu. Hapa, bila mhenga, sisi ni wapita njia wenye sufuria. Andika."

Nikaandika. Na niwaambie ukweli, niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nilifurahi.

Mwaka 1988, nikiwa mhariri mimi mwenyewe, msomaji mmoja alituma barua kuuliza ilikuwaje mwana azaliwe miaka kumi na mmoja baada ya baba kuzikwa. Hakuna ushahidi mpya niliopata. Niliona tundu, nikatia kiraka: "ameasiliwa." Miaka sita baadaye tukasimamisha jiwe pale kaburini, tukachonga majina yetu, kwa kutegemea kitabu. Kisha kijitabu kimoja cha historia ya wilaya kikachapisha habari zetu, kwa kutegemea jiwe. Na nilipoanza kazi ya toleo hili, jamaa mmoja alinijia na kijitabu hicho, uso unang'aa: "Mzee, nimepata uthibitisho!" Tulikuwa na mashahidi watatu, ndugu zangu, na wote watatu walikuwa na mdomo mmoja. Mdomo wangu.

Basi nikaenda kutafuta, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Zamani kuasili hakukuwa jambo la kimyakimya; familia ya cheo ilipeleka ombi serikalini na kupewa hati. Nimesoma nakala za daftari la maombi, miaka hamsini yake. Ombi la mjane wa Jun-pil halimo. Nimesoma madaftari ya kaya ya wilaya hii, yaliyoandikwa kila mwaka wa tatu. Mwaka 1759: mjane, watumwa wawili, mtoto hakuna. Mwaka 1762: mjane, mtumwa mmoja, mtoto hakuna. Mwaka 1765: mjane, peke yake. Mwaka 1768 kaya yenyewe haipo tena. Ui-taek wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, na alikuwa mahali fulani duniani, akila wali wa mtu fulani. Wa nani? Sijui.

Naomba mnielewe vizuri. Sisemi kwamba Ui-taek si mwana wa Jun-pil. Daftari la maombi lina kurasa zilizoliwa na mchwa, na mwana wa kuasili angeweza kuishi kwingine. Nasema kwamba hatujui, kwamba hatukujua mwaka 1961, na kwamba kulirudia jambo mara tatu hakulifanyi kuwa kweli.

Naam, Chang-mo, nimekusikia. Hebu rudia kwa sauti, wa nyuma wasikie. Au ngoja niseme mimi, maana uliyasema kwenye kamati, na uliyasema vizuri kuliko nitakavyoyajibu.

Bwana Pyo Chang-mo ni mtoto wa baba yangu mdogo. Alivuka akiwa na miaka sita, mgongoni kwa mama yake. Yeye ni mmoja wa wale wanne. Siku ile alipiga meza, chai ikamwagika kwenye rasimu, akasema: "Kaka, tuliacha nyumba. Tuliacha makaburi. Wewe ulimwacha mama yako mzazi. Sasa unataka tumwache babu naye?"

Nikamjibu kwamba nataka ukweli.

"Ukweli! Ukweli unaumwagia pombe ya mchele? Mwezi wa kumi kila mwaka nawapeleka wanangu kwenye kile kilima, wanapiga magoti, nawaambia hapa ndipo tulipotoka. Mwaka huu niwaambie nini? Kwamba tumekuwa tukimsujudia jirani?"

Mtu mmoja akapendekeza kipimo cha damu. Nikaeleza kwamba kipimo kingetuambia labda kama sisi ni wa ukoo huu, lakini kisingetuambia tumetoka kwa baba yupi. Chang-mo akaniuliza polepole, "Na kikisema sisi si wa ukoo huu kabisa?" Swali hilo linatembea nami barabarani, linakaa nami kwenye treni, na leo limekaa hapo mstari wa mbele likinitazama.

Chang-mo, sikukujibu siku ile. Nijaribu leo.

Mama yangu, aliyebaki upande wa pili wa mpaka, yumo katika kitabu hiki, juzuu ya nne, ukurasa wa 430. Mwaka aliozaliwa umeandikwa. Nafasi ya siku aliyokufa ni tupu. Hiyo nafasi tupu kila nyumba ya Kaskazini inayo. Kaka zako wawili wanayo. Nimekuwa mhariri miaka thelathini, kalamu iko mkononi mwangu, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia, "In-seop, buni tarehe, chagua siku nzuri ya masika umwandikie." Mngenitemea mate. Badala yake tunamfanyia tambiko tarehe tisa ya mwezi wa tisa, siku ya wote ambao siku yao haijulikani. Tunapika samaki aliyempenda, tunamimina, tunalia au hatulii. Je, mama yangu amepungukiwa heshima kwa kuwa na nafasi tupu? Mbona basi tuliona aibu kumwachia Ui-taek ya kwake? Desturi yetu inajua kumheshimu mtu kwa kile kisichojulikana. Ni sisi, au niseme ni mimi, niliyeogopa karatasi nyeupe.

Na kuna mtu tuliyemdhulumu bila hata kumfikiria: yule aliyemzaa Ui-taek. Mkulima, mtoro, mfua chuma, sijui. Alikuwa na jina. Kwa miaka hamsini na mitano tumekuwa tukilifunika kwa jina la mtu mwenye cheo. Leo angalau pahali pake pako wazi, na atakayepata ushahidi ataweza kumwandika.

Kuhusu kilima: Mwenyekiti alilimaliza jambo hilo kwa sentensi moja, na kwa sentensi hiyo namheshimu kuliko kwa ngazi zake mbili. Alisema, "Kaburi halina tikiti. Mtu aliyekuja miaka hamsini, aje." Mheshimiwa Jun-pil hakuwa na mtoto, na kwa nusu karne hakukosa mtu wa kumfyekea majani. Mwezi wa kumi nitakwenda. Sitasimama mstari wa wana; nitasimama nyuma, kama mgeni aliyepokelewa vizuri. Kuhusu kuitana, kamati inashauri tuitane kwa umri hadi ushahidi utakapopatikana. Bwana Se-hun, pole sana. Kuanzia leo itakubidi uniite kaka.

Nawashukuru wajumbe wenzangu wote wanane, hasa wale wanne walionipinga, maana walinilazimisha kuhesabu upya. Namshukuru Bibi Noh, aliyeuliza swali ambalo lilikuwa langu kuuliza. Siwezi kusema naondoka nikiwa nimetulia. Naondoka kama mtu aliyefunga nyumba na kila hatua anapapasa mfukoni.

Sasa desturi inataka kila tawi limtoe mtu mmoja abebe juzuu yake hadi mezani pa mahenga. Wa tawi la Kaskazini ni Chang-mo. Chang-mo, sikulazimishi. Usipobeba, nitabeba mimi, ingawa magoti yangu hayanitii, na hakuna atakayekusema.

Amesimama. Mpisheni, tafadhali, ondoeni huo mkoba njiani.

Anasema bado ana hasira na mimi. Sawa, mdogo wangu. Kitabu hiki hubebwa hata na mwenye hasira, mradi akishike kwa mikono miwili. Naam. Hivyo hivyo.

Ndugu zangu, mmenivumilia kuliko nilivyostahili, na kwa hilo nawainamia kichwa. Simameni tumfuate.